Salamu Iliyomezwa na Kicheko

Juzi nilikuwa mgahawani pale Nguvumali nakunywa chai, na macho yetu sote yalikuwa kwenye televisheni. Katika mchezo wa kuchekesha, mgeni alibisha hodi, na mwenye nyumba akajibu kwa sauti kubwa, "Hatupo!" Tukaangua kicheko.

Wakati huohuo mzee mmoja aliingia, akatoa salamu. Kicheko kilipompokea alisimama mlangoni, akaitazama kanzu yake mbele na nyuma, akashika kofia.

"Nina nini mimi?" akauliza.

"Shikamoo babu," mama mwenye mgahawa alisema haraka. "Si wewe. Twamcheka huyo wa kwenye televisheni. Kapigiwa hodi, kajibu hayupo."

"Marahaba. Na mimi nilipowasalimu, nani kaniitikia?"

Tukaitikia sote kwa pamoja, kama watoto wa madrasa. Mzee aliketi, akaupa ukuta mgongo, akatukagua mmoja mmoja.

Utovu wa adabu hutuchekesha kwa kuwa adabu tunaijua. Asiyejua kwamba hodi hujibiwa "karibu" hana cha kucheka. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni. Lakini yule mgeni wa kwenye mchezo hatimaye alipofunguliwa mlango na kupewa chai, akaonja, akauliza, "Nani kakudanganya kwamba unajua kupika?" aliyecheka alikuwa mzee peke yake, tena alicheka huku akitutazama sisi. Mpaka leo sina hakika alikuwa akimcheka nani.