Balbu Niliyoificha Mfukoni

Siku ile naikumbuka hadi rangi ya mawingu, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa saa tisa, mvua ya Kakamega inajikusanya upande wa msitu kama ilivyo desturi yake, na watu wazima zaidi ya kumi wameinamia gari moja kutazama taa nyekundu ndogo kuliko punje ya hindi. Taa hiyo haikuwa kazi yangu. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Acha nikueleze lilikuwa gari gani, maana siku hizi hamyaoni. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Wazungu wa mashamba ya Lugari walikuwa wanauza na kuondoka, na mmoja wao karibu na Mautuma aliacha gari ambalo halijaunganishwa: chesisi, bodi ya faiba na mamia ya vipande ndani ya makasha ya mbao, vimesafiri kwa meli ili mwenyewe ajiundie nyumbani kwake. Mwalimu Makokha, aliyefundisha kilimo kule Bukura, alinunua makasha yote akayaleta kwenye gereji tuliyofanyia kazi. Bwana Lalji, mwenye gereji, akampa fundi mwenzangu Andayi kazi ya kuliunda. Hakunipa mimi.

Andayi na mimi tuliingia gereji mwaka mmoja. Tulikaa chumba kimoja, tukala obusuma, yaani ugali, kwenye sahani moja, na ovaroli zetu zilikaukia kwenye kamba moja. Hatukuwahi kuandikiana mkataba, lakini kila mtu alijua kwamba injini na chuma ni za Andayi, na waya ni za Zabloni, yaani mimi. Gari lolote lililogoma kuchaji betri liliitiwa Zabloni. Nilikuwa nafungua dainamo, ile mashine ya kuchaji betri, nikiwa nimefumba macho, na nilipenda sana watu waone kwamba nimefumba.

Sasa gari hili halikuwa na dainamo. Lilikuja na oltaneta, mashine mpya ya kazi hiyo hiyo ambayo hatukuwa tumeishika, pamoja na karatasi ya michoro ya waya iliyoandikwa kwa Kiingereza. Andayi alinifuata nayo. "Zabloni, kuja tusome hii pamoja. Waya ni zako." Nikamwambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba mimi niliacha shule darasa la nne, yeye alifika la nane, na nisingekubali anisomee kama mtoto. Kwa hiyo akafunga waya zote mwenyewe, jioni baada ya jioni, huku mimi nikipita karibu nikijifanya natafuta spana.

Kulikuwa na jambo lingine. Bwana Lalji alikuwa anahamia Kisumu, na gereji ingebaki chini ya fundi mkuu mmoja. Alituambia wazi kwamba atamtaja fundi huyo baada ya gari la Mwalimu kutembea wiki moja bila kusumbua. Basi kila boliti aliyokaza Andayi, niliihesabu.

Ijumaa hiyo akawaita watu. Akafungua swichi, ile taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi ya mbao aliyoichonga na kuipaka vanishi kwa mkono wake. Akapiga stata, injini ikanguruma, taa ikazimika. Watu wakapiga makofi. Muuza mikate wa jirani akaniambia, mimi, usoni: "Huyu rafiki yako amekushindanga hata kwa waya." Nilicheka. Mwanangu, nilicheka hadi mashavu yakaniuma.

Kesho yake asubuhi nilifika wa kwanza. Nikapitisha mkono chini ya dashibodi, nikachomoa balbu ya ile taa nyekundu na kuitia mfukoni. Usifikiri kwamba nilitaka kuliua gari. Kwenye magari ya dainamo, balbu ile kazi yake ilikuwa kukuarifu tu kama betri inachaji. Nusu ya magari ya Kakamega yalitembea nayo imeungua na betri zikachaji vizuri. Nilitaka kumwondolea pambo lake tu, aaibike kidogo mbele ya Mwalimu. Ndivyo nilivyojidanganya.

Mwalimu alipokuja, taa haikuwaka. Andayi akagusa kioo cha taa kwa kidole. "Balbu imeungua. Hizi ndogo hazipatikani hapa, nitaagiza Kisumu. Endesha tu, Mwalimu, hiyo ni ya kuambia tu." Yeye naye aliamini nilivyoamini mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Jumatatu gari likazimika kwenye barabara ya Butere, katikati ya mvua, waipa zikiwa zinaenda na taa kubwa zimewashwa. Mwalimu alirudi kwa miguu ameshika viatu mkononi. Tukalivuta hadi gereji. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Ikachajiwa, likatembea, likazimika tena. Bwana Lalji akaniita: "Zabloni, wewe angalia. Mimi nataka jibu, hapana hadithi."

Nililisubiri neno hilo kwa hamu mbaya. Nikashika taa yangu ya kupimia, nikafuata waya mmoja mmoja nikitafuta kosa la Andayi. Nikakagua mkanda, nikakagua brashi, nikaangalia kila mahali waya ulipofungwa kwenye bodi. Siku mbili. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu, na kila nilipokosa kosa ndivyo nilivyozidi kumchukia. Andayi alikaa chini kando yangu akinipitishia vifaa, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akiniambia asante. Balbu ilikuwa mfukoni inagusa paja langu, na bado sikuifikiria hata mara moja.

Alhamisi Bwana Lalji alimwambia Andayi mbele ya wote kwamba mwisho wa wiki akusanye vitu vyake aende. Nikasikia furaha. Nakuambia ukweli kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa: nilisikia furaha.

Mchana huo akaja Mzee Rajabu kutoka Mumias. Ndiye aliyekuwa akituchajia betri, na zamani alitengeneza magari ya jeshi. Alisalimu, "Asalaam aleikum," akaiweka betri chini. "Nimeichaji mara tatu. Haina ugonjwa. Ifunge garini, ufungue swichi nione." Andayi akaifunga, akafungua swichi. Mzee akauliza, "Taa yako haiwaki?"

"Balbu iliungua, mzee."

Mzee Rajabu akapitisha mkono chini ya dashibodi, akapapasa, akautoa. "Balbu ikiungua inabakinga mahali pake. Hapa hapana kitu." Kisha akatueleza polepole. Mashine hii haijiamshi yenyewe kama dainamo. Moto mdogo wa umeme unaopita kwenye balbu ndio unaoiamsha. Bila balbu inazunguka bure, na betri inalisha gari zima hadi inaishiwa.

Mkono wangu ulienda mfukoni wenyewe, na mzee akauona. Alinishika bega, tukatoka hadi kwenye mapipa ya maji. Huko nikamweleza habari ya ile karatasi na ya yale makofi.

"Kijana, sikuulizi uliitoa lini," alisema. "Nakuuliza hivi: huyu alipokuletea karatasi, ungekufa ukimwambia hujui kusoma? Alipopata sifa, ungekufa ukimwambia imekuuma? Umenyamaza mara mbili, sasa mtu anafukuzwa. Ukinyamaza ya tatu, utakuwa fundi mkuu, na kila asubuhi utafungua gereji ya mtu mwingine."

Nilirudi. Nikaitoa ile balbu, nikaiweka kwenye kiganja cha Andayi mbele ya Bwana Lalji na Mwalimu. "Mimi ndiye niliyeichomoa Jumamosi. Nilikuonea wivu."

Andayi hakunipiga, ingawa nilitamani anipige. Akainama, akairudisha balbu mahali pake, akafungua swichi. Ikawaka. Akapiga stata, injini ikanguruma, taa ikazimika, na betri ikaanza kuchaji. Ndipo akaniuliza, huku ananipa mgongo, "Mbona hukuniambianga?"

Akawa fundi mkuu. Bwana Lalji alitaka kunifukuza mimi, Andayi akamwambia waya za gereji zinahitaji Zabloni. Lakini alihama chumba, na ilipita miaka mingi kabla hatujala tena kwenye sahani moja. Baadaye alinifundisha kusoma ile karatasi, mstari kwa mstari. Na usidhani nilipona. Mwaka jana tulipomzika, nilipoona magari ya mafundi aliowafunza yamejaa hadi barabarani, wivu ulinipanda tena pale pale kaburini. Safari hii nilimwambia. Niliinama nikasema, "Andayi, hata leo umenishinda." Nikalia vizuri.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe uliyeniambia jana kwamba mwenzako kazini hafai, kisha ukashindwa kunitajia kosa lake hata moja. Mtu anaweza kuona wivu na bado akawa mtu. Ubaya ni kuuficha ukaupa jina lingine. Ukiuona unawaka, usichomoe balbu ukajiona mzima. Nenda kwake mapema, mwambie, "Hili limeniuma, nifundishe." Utaona aibu kwa dakika tano. Mimi nilikosa ujasiri wa dakika tano, nikapoteza sahani ya rafiki kwa miaka.

Mungu akupe kazi ya kukutosha na mwenzako anayekuzidi kidogo. Akupe ulimi wa kusema asante na wa kusema nimeumia. Na kila utakapofungua swichi asubuhi, taa yako iwake uione, kisha injini ingurume, nayo taa izimike.