Chungu Walichokisugua

Siku ya kuanua matanga ya mama, shangazi zangu walisafisha nyumba nzima. Walifua mapazia, wakaanika magodoro, wakapiga deki mpaka jikoni. Mimi nilikuwa nimekwenda kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi nilikuta chungu cha mama kimepinduliwa juu ya kichanja, kimesuguliwa kwa majivu, kinang'aa kama kimetoka sokoni leo.

Nikauliza kilichokuwa ndani kiko wapi.

"Kile kilichooza?" akasema shangazi mkubwa. "Tumemwaga mgombani. Mwanangu, mliishije na harufu ile? Hata nguruwe angegoma!"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Walichomwaga ni chachu ya mama.

Mama aliwapikia mapadre wa parokia yetu hapa Kirua tangu mimi sijazaliwa. Walitoka Polandi, na ndio waliomfundisha supu ya kwao, jureki. Unga unalowekwa na kitunguu saumu, unaachwa mpaka uchachuke, kisha unapikwa pamoja na soseji na viazi, na yai la kuchemsha juu yake. Nafaka yao haipatikani huku, kwa hiyo alitumia ngano isiyokobolewa na ulezi kidogo. Hakumaliza chachu hata mara moja. Kila alipochota alibakiza kidogo chini, akaongeza unga na maji. Ile niliyoiacha asubuhi ilikuwa imepitia mikononi mwake miaka yote hiyo.

Mapadre wenyewe hawakuelewana. Mmoja, mtu wa milimani, alisema supu ya kweli ni ya kabichi iliyochachushwa, na mbavu ndani. Mwingine alitaka ngano tupu. Mzee wao alisema wote wawili hawajui kula. Mama alirudi nyumbani akicheka. "Ni kama sisi tu. Mpe mtu wa Rombo mtori wa Kirua uone atakavyonuna."

Nilikwenda mgombani. Udongo ulikuwa umeshainywa.

Niliambiwa nisamehe, walifanya kwa upendo. Najua. Hawa ndio waliolala chini pamoja nami msiba mzima na kunilazimisha kula. Wangekuwa wameiba, ningepiga kelele kijiji kizima kisikie. Sasa nimpigie nani kelele? Hilo ndilo linaloniunguza.

Nikaloweka unga mwingine katika chungu kilekile. Kila asubuhi nilinusa. Ukachacha vizuri, nikapika, nikampelekea yule padre mzee, ambaye ndiye peke yake aliyebaki.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina. Kaa, binti yangu."

Alikula taratibu, akafuta sahani kwa mkate.

"Si ya mama yako," akasema. "Lakini kwetu kila nyumba ina chachu yake. Hii sasa ni yako."

Alidhani ananifariji.

"Sikuitaka yangu, Baba," nikamwambia. "Niliitaka yake."

Hakunihubiria, na kwa hilo namshukuru.

Chachu yangu ipo mpaka leo, naipa unga na maji kama alivyofanya mama. Shangazi akija kunitembelea nampa shikamoo yake, nampa chai, namfungashia na ndizi za kwenda nazo. Jikoni kwangu haingii.