Adhuhuri Niliyoswali Kyoto

Mume wangu alipofariki, sala zangu zilikauka. Niliswali zote tano, lakini ilikuwa midomo tu, na sikumwambia mtu. Nilipotoka eda, binti yangu, mzaliwa wa hapa hapa London, akanikatia tiketi ya Japani, ati nikabadilishe hewa. Wenziwe huwapeleka mama zao Umra. Wangu akanipeleka kwenye mahekalu ya Kibudha.

Kyoto tuliingia hekalu moja la kale, la mbao. Karibu na geti palikuwa na birika la mawe linalotiririka maji, na kata za mianzi zimepangwa juu yake. Mkono haukuniuliza. Nikapiga bismillahi, nikasukutua, nikapandisha maji puani, nikanawa uso. Nilipofika kwenye viwiko ndipo nilipoona foleni nyuma yangu, na kwamba wenyewe huosha viganja na kinywa tu. Binti yangu akanivuta nguo: "Mama, stop. People are looking." Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikavua soksi. Mzee mmoja wa Kijapani aliyekuwa akingoja zamu yake akaniinamia kwa adabu, nami nikamwinamia, mguu mmoja juu.

Ndani mlikuwa na sanamu kubwa. Nikaipita macho chini, wala sijui nilikuwa naikwepa au naistahi. Nyuma ya hekalu kulikuwa na bustani isiyo na ua hata moja: changarawe nyeupe iliyopigwa reki mistari mistari, kama uwanja wa kwetu uliofagiliwa kwa chelewa, na mawe machache. Watu walikaa barazani kimya wakiyatazama. Nami nikakaa, nisielewe natakiwa nione nini. Simu ikaniambia adhuhuri imeingia, na kibla kiko magharibi. London mimi huelekea mashariki. Udhu ninao. Nikaswali pembeni ya baraza, rakaa mbili za msafiri, na kwenye sijda nikalia mpaka shungi likalowa. Ndiyo mara ya kwanza kumlilia mume wangu, na nilihisi nasikilizwa.

Hilo ndilo lililonivuruga. Kwa nini huko?

Niliporudi nikaenda kwa dada yangu mkubwa, huko Ilford, mashariki ya London, nikamkuta anasukuma chapati. Nikamweleza yote, hata machozi. Akauliza sanamu ilikuwa umbali gani, nikasema nyuma ya ukuta. Akauliza yale maji yalisomewa nini, nikasema sijui.

"Wewe ulikwenda holiday, au ulikwenda kuswali kwa masanamu?"

Nikamjibu kwamba ardhi yote ni ya Mungu. Akasema hilo alilijua kabla sijazaliwa. Kisha akapangusa unga mikononi, na sauti yake ikalainika.

"Ilipe, mdogo wangu, uiswali upya. Usibaki na sala yenye shaka."

Sikutaka kuilipa. Tangu msiba, ndiyo sala pekee niliyokuwa nayo. Lakini dada ndiye aliyenilea, na alikuwa keshanitandikia msala chumbani. Nikanuia kuilipa ile adhuhuri. Rakaa ya kwanza midomo tu. Ya pili vilevile. Nikasujudu, paji la uso likagusa msala, nikangoja. Sikujua namwomba Mungu anisamehe ile ya Kyoto, au anirudishie.