Kiti Kimenichoka

Mgeni alishuka kwenye teksi na vumbi la mipaka miwili viatuni, akauliza kituo cha redio kiko ghorofa ya ngapi.

"Kwa Mzee Mstari?" dereva akacheka. "Panda ngazi mpaka zikuishie, dada."

Mgeni alikuwa mfasiri. Lugha zake sita zilikuwa zimemlisha na kumvusha kwingi, lakini mstari mmoja wa tamthilia ya kale ulikuwa umemgomea, na aliyeujua vizuri alikuwa huyu mwalimu mstaafu, ambaye tayari alikuwa amemwandikia kuomba msaada. Kila Jumanne asubuhi aliwafafanulia watahiniwa redioni tamthilia hiyo, hadithi ya mfalme mzee asiyetaka kung'atuka. Mstari mmoja aliweza kuutafuna kwa wiki kadhaa; jina lake la utani lilitoka huko.

Mgeni alimkuta studio, amevaa koti linalombana kwapani, anabishana na mkuu wa kituo.

"Mwalimu wangu, nakuomba kama mwanao," mkuu alisema. "Leo waambie mfalme alichoka kwa kuwatumikia watu. Basi. Yaishe."

"Nilipokufundisha ulikuwa unasinzia, lakini hili ulilisikia. Kitabu hakisemi 'Nimekichoka kiti.' Kinasema 'Kiti kimenichoka.' Mtenda ni kiti. Mfalme katendwa."

"Najua! Na mji mzima unajua!"

Kweli ulijua. Tangu kipindi cha wiki iliyopita, fundi viatu wa pale chini alikuwa akimwambia kila mteja mzito wa kuondoka, "Simama, shemeji, kiti kimekuchoka." Watu walicheka, kisha wakageuka kuangalia nani yuko nyuma yao. Mkubwa wa nchi hakuwa ameonekana hadharani tangu mvua zianze.

Mkuu akashusha sauti. "Wako nyuma ya kioo. Ukiteleza leo, mimi sina mkono wa kukudaka."

Mgeni akatazama. Ng'ambo ya kioo, karibu na fundi mitambo, walisimama wanaume wawili wenye mashati yaliyonyooshwa vizuri. Mmoja alimtabasamia. Ingekuwa afadhali angenuna.

"Mama watoto naye kaniambia nifunike kombe," Mwalimu akamnong'oneza mgeni, mkuu wa kituo alipotoka. "Haya, leo nitalifunika. Wewe kaa hapo."

Taa nyekundu ikawaka. Mwalimu akasoma mstari, akakohoa, akasema mfalme alikuwa mtu mwema aliyechoshwa na kazi. Alilisema haraka, kama anayemeza dawa chungu. Nyuma ya kioo, mkuu akajifuta shingo.

Kisha simu ikaita. Msichana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Wiki jana ulisema kiti ndicho kilichochoka. Leo mfalme. Mtihani ni kesho. Niandike ipi?"

Mgeni alimwona Mwalimu akivua miwani, akiifuta kwa pindo la koti, akiirudisha machoni. Redioni kimya kama hicho ni kirefu kuliko barabara.

"Mwalimu? Umekatika?"

"Nipo. Uliyoyasikia leo yafute, mama. Ni ya woga wangu, si ya kitabu. Kiti ndicho kilichochoka. Mfalme anakuwa wa mwisho kujua. Andika hivyo, na Mungu akusimamie."

Fundi mitambo akapiga wimbo bila kuambiwa. Mlango ukafunguliwa, mmoja wa wale wawili akaingiza kichwa kwa adabu zote.

"Mzee, samahani. Tunakuhitaji kidogo tu. Maswali mawili matatu."

"Kidogo chenu nakijua," Mwalimu akasema, akifunga vifungo vya koti. Kilichobanwa zaidi kikamshinda, akakiacha. Akamsogezea mgeni kitabu. "Ulikuja na swali, dada. Nisamehe, nimelijibu juujuu."

"Nitakusubiri hapa, Mwalimu."

"Usinisubiri. Pita nyumbani. Mwambie mama watoto asiniwekee chakula."

Wakamweka katikati. Nyayo za watu watatu zikashuka ngazi bila haraka. Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho, na fundi mitambo, macho yamemtoka, akaipandisha sauti ya maikrofoni iliyokuwa mbele ya mgeni.

"Nusu kipindi bado, dada. Sema chochote."