Ushahidi Nilioula kwa Pilau

Nimekosa, jamani. Wengine hukosa kwa hasira au kwa tamaa. Mimi nilikosa kwa sifa, halafu kosa lenyewe nikaliguguna hadi mfupa.

Mimi ni mhadhiri wa tiba ya mifugo, mzaliwa wa milima ya Lutindi, nywele chache, shahada nyingi. Mimi na wenzangu tulikuwa tunajaribu kuponya kano zilizokatika kwa seli shina: chembe changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini maishani, kama mimi mwaka wa pili chuoni. Unazitoa kwenye mafuta ya mnyama mwenyewe, unazikuza maabarani, unamdunga penye jeraha.

Tulidunga mbuzi sita, Korogwe na Handeni. Watano waliendelea kuchechemea. Wa sita, beberu mweusi wa Mzee Sefu wa Handeni, aliyekatwa na seng'enge mguu wa nyuma, alianza kutembea kama bwana harusi!

Ulibaki mwezi mmoja tukate kipande kidogo cha kano ile, tuone kwenye hadubini kama zilimponya seli zetu au ni Mungu tu na mapumziko. Utafiti mzima ulisimama juu ya mguu mmoja wa mbuzi!

Kabla ya kipimo hicho nilitakiwa ninyamaze. Lakini siku nilipokwenda kumkagua, majirani walijaa uani kwa Mzee Sefu, nami napenda kusikilizwa.

"Kwa hiyo daktari, huyu si kiguru tena?" Mzee Sefu aliuliza.

"Mzee, huyu hana dosari hata moja!"

"Unaapa?"

"Naapa!"

Akatabasamu sana. Nikadhani anafurahia sayansi. Mpumbavu mimi!

Wiki mbili baadaye akanialika Idi ya kuchinja. Nikaletewa pilau na mguu mzima, nikaushughulikia bila huruma, mfupa nikamtupia mbwa wa jirani. Ndipo nikaomba kumwona mgonjwa wangu.

"Mgonjwa yupi? Si umemmaliza sasa hivi?"

"Mzee! Umechinja beberu wa utafiti?"

"Mwanangu, nilimlea kwa ajili ya Idi, seng'enge ikaniharibia. Kidini, kiguru hafai kuchinjwa Idi. Wewe ndiye uliyeapa mbele za watu kwamba hana dosari!"

Mimi Mkristo wa milimani, sheria hiyo ningeijulia wapi?

"Na ule mguu?" niliuliza.

Mkewe, Mama Zaina, akadakia, "Tusikupe wewe uliyeutibu, tumpe nani?"

Nilimkimbiza yule mbwa hadi kwenye mihogo, na tai shingoni. Hakunirudishia kitu. Nyuma yangu watu wazima walikaa chini kwa kucheka.

Kwenye ripoti niliandika kwamba mnyama "aliondoka kwa sababu za kijamii." Huo ndio uongo unaoniwasha. Wenzangu walipoteza jibu walilolihangaikia, na hawajui kwamba lilipita kooni mwangu. Jumatatu nitawaambia.

Nanyi mnaotibu mifugo ya watu, kabla hamjaapa kwamba mnyama amepona, mwulizeni mwenye mnyama: unataka apone ili umfanye nini?