Shamba Hili la Nani

Wiki ya mwisho ya majaribio kazini nilikuwa sijauza hata pampu moja ya sola. Bosi alinipa mpaka Jumamosi. Nisipouza, nirudi stendi ya mabasi ya Msamvu kukatia abiria tiketi, kazi niliyokwisha kuapa sitaigusa tena.

Kila mkulima niliyemfikia kule milimani juu ya Mkuyuni nilimuuliza maswali niliyokaririshwa kwenye mafunzo. Je, mzee, ungependa kuongeza mavuno? Ungependa kupunguza kazi? Wote walijibu ndiyo. Nani akatae? Kisha waliniaga kwa adabu na ndizi za kula njiani. Nilishuka nimenuna, nikijisemea kwamba watu hawa hawajui wanachotaka.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mzee mmoja akipalilia kabichi. Nilimwamkia, akaitikia. Majibu ya ndiyo yalishanichosha, basi nikauliza lililonijia mdomoni.

"Mzee, shamba hili la nani?"

Alicheka mpaka akaegemea jembe. "La mke wangu na dada zake. Mimi hapa nimeoa tu."

Niliona aibu kweli. Mimi mwenyewe ni Mluguru kama wao. Shamba lililonilea ni la ukoo wa mama, na baba hakuwahi kuamua hata mihogo ipandwe wapi. Mwezi mzima nilikuwa nawabembeleza waume.

Mkewe alikuwa akipanda kutoka mtoni, ndoo kichwani. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza kiangazi hupanda na ndoo ngapi kwa siku. Akaitua, akahesabu kwa vidole, akaacha katikati. Alisema shingo humnyima usingizi, na matuta ya juu waliyatelekeza kwa sababu ya kile kilima cha kupandisha maji. Sifa za pampu zilinijaa mdomoni. Nikazimeza, nikasikiliza.

Mwishowe akaniuliza yeye nauza nini, nikamwambia pampu ya sola. Akauliza tena. "Ikiharibika, nani atapanda huku kuitengeneza?"

Kwenye mafunzo tuliambiwa tujibu kwamba ni kampuni. Nilisema, "Mimi, mama."

Akajitwika ndoo yake. "Kesho dada zangu watakuwepo. Njoo uwaulize na wao hivyo hivyo."

Jumamosi nilipanda na pampu begani. Dada walikuwa watatu. Niliwauliza habari za maji, nikaketi kwenye jiwe, na wakasema mpaka jua likawa kichwani. Nilishuka mchana huo bila kitu begani.