Harusi Bila Shangwe

Silvère Ndihokubwayo alikuwa akikodisha mahema na viti vya harusi pale Kabeza, Kigali, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Watu wakioa, yeye ndiye aliyefika alfajiri na lori, akasimamisha nguzo, akatandika vitambaa vyeupe, akafunga maua. Kazi hiyo aliianza alipohama Bujumbura, alikokulia, pamoja na Liliane, mwanamke ambaye Silvère alikuwa amemlipia mahari huko huko. Kigali waliandikisha ndoa yao serikalini. Kanisani hawakufika. Silvère alisema ndoa ya kanisa wataifunga mwaka ujao.

Mwaka ujao haukufika. Si kwamba hakumpenda Liliane. Alikuwa ameona harusi nyingi mno, keki za ghorofa na ngoma za kukodi, naye hakutaka watu waseme kwamba Silvère anayepamba harusi za wenzake, yake ilikuwa ya soda na maandazi. Basi akasubiri ajiweke sawa. Liliane, ambaye ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vyote vile, alisubiri naye. Kila Jumapili wakati wa komunyo alivuta magoti pembeni ili wenzake wapite kwenda kupokea, kwa kuwa anayeishi na mume bila ndoa ya kanisa haruhusiwi kupokea.

Silvère mwenyewe hakuona uzito wa jambo hilo. Hata siku binti yao Natacha alipopokea Komunyo ya Kwanza, alitumia muda mwingi nje, akipanga viti vya wageni. Jioni ile mtoto alimwuliza mama yake kwa nini hakuja kupokea pamoja naye kama mama za wenzake. Liliane akamjibu kwamba kichwa kilikuwa kinamwuma. Silvère alilisikia jibu hilo, akaendelea kugawa vinywaji.

Miaka ikaenda. Natacha akakua, akapata kazi katika ofisi moja Kimihurura. Ndipo baada ya Noeli Liliane akaanza kusumbuliwa na koo. Kwanza ugali ulikataa kushuka, kisha wali, kisha hata ndizi za kupondwa. Hospitali walimwambia ana uvimbe kwenye umio, na kwamba umechelewa kuonekana. Akawa mtu wa maziwa na uji mwepesi.

Kwaresima ilipoanza, Cécile, kiongozi wa jumuiya yao ya kanisa, alipita nyumba kwa nyumba akiwakumbusha watu watayarishe mioyo yao kwa Pasaka, wapatane na waliokosana nao, waende kitubio mapema. Silvère alikuwa uani akishona hema lililochanika. Alimsikia Cécile akimwuliza Liliane kama angependa padri aje kumwona.

"Mwache padri awahudumie wale wanaopokea," Liliane alisema kwa sauti yake iliyokauka. "Mimi nimezoea kubaki kwenye benchi."

Silvère aliacha kushona. Alingoja mkewe alalamike, kama alivyokuwa akilalamika miaka ya mwanzo. Liliane alimwuliza tu Cécile habari za watoto. Hapo Silvère akatambua kwamba mkewe hasubiri tena, na kwamba yeye hakujua ni lini aliacha kusubiri.

Kesho yake alikwenda parokiani. Padri Valens, kijana kwake kwa umri, alimsikiliza hadi mwisho. Silvère alieleza kwamba anataka kufunga ndoa, ila anajua Kwaresima si wakati wa harusi, kwa hiyo labda baada ya Pasaka, mgonjwa akipata nguvu. Padri akamwambia kanisa halimzuii mgonjwa kubarikiwa ndoa yake. Linachoacha kipindi hiki ni shangwe. Wao wawili na mashahidi wawili wanatosha.

"Ni hayo tu?" Silvère aliuliza.

"Ni hayo tu," padri alisema. "Na tangu mwanzo yalikuwa hayo tu."

Alitaka kuungama palepale. Padri alimwambia atamwungamisha, lakini kwanza arudi nyumbani azungumze na mkewe, kwani ndiye aliyekosewa.

Alimkuta Natacha akimnywesha mama yake maziwa kwa kijiko. Natacha alitaka kuwapisha. Liliane akamshika mkono abaki. Silvère akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama Natacha," alisema, "nimekunyima komunyo miaka yote hii kwa ajili ya macho ya watu. Unisamehe."

Liliane akakisogeza kijiko pembeni.

"Ungeniambia hivyo siku ile ya Komunyo ya mtoto," alisema. "Siku ile nilikuwa naweza kumeza."

Baadaye alimwekea mkono gotini, akamwambia amemsamehe, ila asimtake aseme kwamba jambo hilo halikumwuma.

Wote wawili waliungama. Ndoa ikabarikiwa sakristia, chumba cha padri kando ya altare, siku ya kazi, kabla ya Jumapili ya Matawi, mashahidi wakiwa Cécile na mumewe Léonce. Liliane alivaa kitenge, kwa sababu magauni yote yalikuwa yamempwaya. Wakati wa komunyo padri alimega chembe ndogo ya hostia, ule mkate wa komunyo, kama punje ya mchele, akaiweka kwenye kijiko chenye maji. Liliane alifumba macho. Koo lilihangaika, likatulia, likahangaika tena, na hakuna aliyethubutu kusogea. Hatimaye ikashuka, naye akafumbua macho akatabasamu. Silvère alipokea baada yake. Yake ilishuka mara moja bila taabu yoyote, naye akaona aibu.

Liliane alipokea tena mara chache, padri akimletea nyumbani. Juma Kuu koo likafunga kabisa, na siku ya Pasaka Padri Valens aliweza tu kumwekea mkono kichwani na kumwombea. Liliane alifariki mvua za masika zikielekea kwisha.

Watu humwambia Silvère alifanya vema, kwamba wengi hufa bila kufika hata hapo, naye huwaitikia kwa heshima. Bado ana mahema yake. Jumapili hupokea komunyo pamoja na binti yake. Kisha hupiga magoti mahali pake, na kabla hajashukuru hujikuta kwanza anamwomba Liliane msamaha, tena kwa maneno yaleyale. Kanisa huanza kufagiliwa yeye bado ameinama. Natacha humngoja mlangoni hadi amalize.